Mlio Uliorudi Ziwani Naivasha

Mtaani Bondeni, Nakuru, miaka ile ya hamsini, redio ya mtu ikinyamaza aliambiwa, "Mpelekee Darweshi." Baba yake Darweshi alikuja na reli kutoka Mombasa, akaoa, akatulia. Mwana akawa fundi mwenye subira ya ajabu, wa kuongea na nyaya kama mtu anayembembeleza mtoto.

Karakana aliyofanyia kazi ilipoletewa mtambo wa kuongoza meli, kazi akapewa yeye. Mtambo ulirusha mlio usiokoma. Melini kulikuwa na redio yenye pete kubwa ya waya. Nahodha aliizungusha pete hiyo mpaka mlio ufifie, akajua pwani iko upande gani hata kama haoni kitu. Kabla ya kupelekwa pwani mtambo ulitakiwa kujaribiwa juu ya maji, na maji ya karibu yalikuwa Ziwa Naivasha.

Darweshi na Kahiga, dereva wa lori, wakasimamisha mlingoti ufukweni, wakavuta waya wa kurushia mlio, wakawasha jenereta. Kimutai, fundi mwenzake Darweshi, akaingia ziwani na redio ndani ya mashua ya injini.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Alasiri mvua ikateremka kutoka mlima Longonot, ziwa lote likapotea machoni. Upepo ukauvunja mlingoti, waya ukaanguka matopeni.

"Tungoje itulie," Kahiga akasema.

"Kimutai atangoja wapi? Kule kuna viboko, na sasa hasikii kitu."

Darweshi akazima mtambo, akautazama mgunga mrefu uliokuwa karibu. Mti uliolowa ungeumeza umeme wote, kwa hiyo akachukua chupa ya soda kutoka kwenye lori, akafunga waya kwenye shingo ya chupa na kamba kwenye tumbo la chupa, ili kioo kitenganishe waya na mti. Kisha akapanda, miba ikimchana mikono.

"Shuka, bwana! Radi itakuua!"

"Nishikie kamba!"

Akaipitisha kamba juu ya tawi, Kahiga akaivuta hadi chupa na waya vikaning'inia juu. Aliposhuka damu ilikuwa ikimchuruzika hadi viwikoni. Akavua koti, akaifunika jenereta, akawasha mtambo. Akazungusha vifungo polepole mpaka mshale wa kipimo cha nguvu ukapanda. Haukufika pale ulipokuwa asubuhi, lakini ulipanda.

Wakakaa mvuani wakitega masikio ziwani. Hatimaye injini ikasikika, mashua ikatokea mbele yao kabisa, ikagota ufukweni.

"Mlio ulikatika, nikasema basi," Kimutai alisema akishuka. "Kisha ukarudi, mdogo, lakini ni ule ule. Nikaufuata tu."

Darweshi akaketi matopeni akicheka na kulia pamoja.

Baadaye Darweshi na Kimutai walikwenda pwani kuusimika mtambo ule, kisha mingine mingi. Kila safari ya majaribio, Kimutai aliuliza kwanza nani atakaa kwenye mtambo. Asipokuwa Darweshi, hakupanda mashua.

"Mafundi wazuri wako wengi," aliwaambia waliomcheka. "Mimi nataka yule anayekumbuka kwamba kuna mtu majini."