Zamu ya Mhina Kisimani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipomshinda rafiki yangu Mhina kwa karata ambazo hazikuwa na kitu. Nakusimulia leo kwa sababu mama yako ameniambia umeanza kucheza poka kwenye simu na wenzako, na ulipoulizwa ukajibu, "Hatuchezei pesa, ni burudani tu." Na sisi hatukuchezea pesa. Tungeitoa wapi? Weka hiyo simu kwanza, unisikilize.

Wakati ule tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, huko Handeni. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa na kisima chake, kidogo lakini chake. Tulipokusanywa pamoja, kaya zote zikaangukia kisima kimoja, na mvua zikikosa kilitoa maji kama mtu anayetoa sadaka kwa kulazimishwa. Madebe mawili, matatu, kisha mnangoja kijae tena. Kwa hiyo tulipanga madebe kwa foleni tangu alfajiri. Wanawake asubuhi walikuwa shamba la kijiji, basi kikao kikaamua vijana wa kiume ndio wakae na foleni. Mwenye debe la mbele alirudi nyumbani na maji kabla jua halijawa kali. Mwenye la nyuma aliweza kushinda pale kutwa na akarudi na debe tupu.

Ukishinda mahali pamoja kutwa, utatafuta la kufanya. Wengine walisuka ukili. Sisi tulimpata Mbaruku. Huyu alikuwa mpishi wa meneja kwenye shamba moja la mkonge upande wa Mazinde, na huko, akipeleka chai na kuondoa vikombe, aliuiba kwa macho mchezo wa meneja na wageni wake. Alirudi kijijini na pakiti ya karata zilizochakaa hadi pembe zimeisha, akatufundisha poka chini ya kibanda cha kisima. "Karata zako unazijua wewe peke yako," alituambia. "Mwenzako anauona uso tu. Basi uso usiseme. Na anayeogopa dau akaweka karata chini ameshindwa, hata kama zake ndizo nzuri."

Nilikuwa mwanafunzi hodari, nikubali nisikubali. Mbaruku alinisifu kwamba hata siafu akiniuma sishtuki, na mimi nikavimba kichwa. Mwanzoni tulichezea punje za mahindi, na tukimaliza kila mtu alirudishiwa zake. Punje zikachosha. Hazina uchungu, na mchezo ule bila uchungu hauna utamu, hilo utalijua mwenyewe kama hujalijua. Ndipo mmoja wetu akasema, kwa kucheka, tuchezee nafasi kwenye foleni: mshindi achukue pa mwenzake, na debe la aliyeshindwa lirudi nyuma. Tukacheka wote, tukakubali. Mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini nani humkumbuka aliyesema maneno hayo akiwa na karata mkononi?

Siku hiyo ninayokuambia, debe la Mhina lilikuwa la pili. Langu lilikuwa huko nyuma kabisa, kwa sababu ya uvivu wangu wa kuamka. Mhina tulikuwa jando moja, tumelala mkeka mmoja. Mkewe, Zaina, alikuwa na mimba ya kwanza, mimba pevu, siku yoyote. Nilijua. Usinitetee moyoni mwako kwamba labda sikujua.

Nikamwambia, "Mhina, weka nafasi yako ya leo, mimi naweka zangu za siku mbili."

Alikataa. Nikamtania kwamba tangu aoe amekuwa mwoga, wenzetu wakacheka, akakaa.

Mbaruku akagawa. Nilipata karata tano zisizojuana, kama abiria wa gari moshi. Mhina alizitazama zake mara mbili, akashusha pumzi, nikajua ana kitu. Mtu mwenye haya angeweka chini. Mimi nikasema, "Naongeza. Zamu zangu za wiki nzima, na wewe weka za wiki nzima." Nikamkazia macho bila kupepesa.

Mhina alifikiri nyumba yake wiki nzima bila maji, na mkewe katika hali ile. Akaweka karata chini. "Chukua ya leo," alisema. "Wiki siwezi."

Mbaruku akazifunua karata za Mhina, zilikuwa na wafalme wawili. Zangu nilikuwa nimeshazichanganya na pakiti.

Niliteka maji, nikafika nyumbani mapema, mama yangu, ambaye siku hiyo hakwenda shamba, akashangaa. Nikamsimulia huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Mhina huyu wa Zaina?"

"Amekubali mwenyewe, mama."

"Ungemwomba angekupa nusu debe, tukanywa kwa heshima. Umempokonya mtu maji huku mnacheka, hata kudai hawezi. Mwizi wa usiku ana nafuu, maana aliyeibiwa hupiga yowe."

Hakunywa hata kata moja. Alijitwika lile debe akalipeleka kwa Mhina.

Alichelewa. Mhina aliona aibu kumwambia mkewe kwamba amepoteza zamu kwa karata, akamwambia kisima kimekauka. Alipotoka kwenda kuomba maji kwa majirani, Zaina alichukua kibuyu akashika njia ya bwawa la wafugaji, mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu mwenye miguu mizima. Uchungu ulimshika njiani. Wanawake wa Kimasai waliokuwa wakinywesha ndama ndio waliomzalisha, na Mhina, aliyerudi nyumbani asimkute akamfuata, akawakuta hapo. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia mara moja, basi.

Zaina alipona. Alasiri ile, kabla ya maziko, mtoto alioshwa kwa maji ya debe langu, maana kijijini hayakuwa yamebaki mengine. Mimi ndiye niliyeambiwa nilisogeze mlangoni kwa wanawake waliokuwa wakimwosha. Nililisogeza, watu wakinitazama, na uso wangu haukusema kitu.

Miaka ikapita. Nilikuwa nimeshahamia hapa Korogwe, nina duka na mvi, Mhina akaja kunitembelea akiwa mgonjwa. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za watoto. Kisha akaniuliza, "Siku ile kisimani, ulikuwa na nini mkononi?"

Nilimjibu, "Malkia watatu."

Akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Alhamdulillahi. Basi hata ningekaza ningeshindwa. Miaka yote hii nilidhani nimemuua mtoto wangu kwa woga."

Nilijiambia kwamba nimemfariji. Huo nao uongo. Ningesema kweli, angepata mtu wa kumlaumu, na mtu huyo ni mimi. Nilijificha nyuma ya malkia ambao hawakuwepo. Mwaka uliofuata nikaenda Handeni kumzika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, mwanangu, na naichukia kila hatua yake.

Sikukatazi karata. Nikikukataza utachezea chooni. Ila nakuusia hivi: usikae kwenye mchezo mpaka umejua kilichowekwa ni cha nani, na nyumbani kwao nani atalala bila hicho. Usiseme "amekubali mwenyewe" juu ya mtu uliyemcheka mpaka akakubali. Rafiki akiwa na shida, nafasi yake usiitamani hata kwa utani. Na jihadhari na kile mchezo unachokufundisha, kwa maana uso niliojivunia kujifunza kisimani sikuuacha kisimani. Niliingia nao msibani, nikaketi nao mbele ya Mhina kwenye chai. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, ungali na mtu wa kumwambia. Mimi sasa nakuambia wewe, na wewe si Mhina.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe marafiki wa kucheza nao, akupe cha kuwapa kabla hawajaomba, na akunyime uso kama wangu.