Ubavu wa Ukutani

Lami ilikwisha mbele ya kanisa dogo, na tangu hapo Oleta Cundiff akaendesha polepole, akiyasoma majina kwenye masanduku ya barua. Pande hizi za Kentucky hakuwahi kufika. Nyuma, ndani ya trela, alisimama Juni, farasi jike wake wa pekee. Leo angemwacha kwa mfugaji Garnett Pruitt kama malipo; majani yakianza kupukutika angerudi kuchukua mtoto wa farasi, sasa wa siku tisa, akishaachishwa ziwa. Walikubaliana kwa simu.

Garnett alikubali upesi mno. Hilo ndilo lililomkera njia nzima.

Miaka thelathini na miwili Oleta alizalisha farasi kwenye mabanda ya matajiri. Kati ya farasi hao, mmoja alimpenda kupita wote. Madaktari wawili walimsikiliza moyo wakamsifu. Alipofikisha miaka miwili akaanguka mazoezini, amekufa. Moyo ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa. Baada ya hapo Oleta aliamini kiganja chake tu.

Garnett alimlaki na mkate wa mahindi mkononi. "Karibu, Bi Oleta! Kula kwanza, mtoto hakimbii."

"Nitakula nikishamwona."

"Hee! Hata mkate unaushuku?"

"Mkate hauna neno. Aliyeushika ndiye simjui."

Garnett aliuweka mkate juu ya nguzo ya ua. Bandani, alimkumbatia mtoto na kumbana ukutani kwa ubavu wa kulia. Alikuwa mzuri mno. Lakini alikuwa ametoka kunyonya tu, naye alihema kama aliyekimbizwa.

"Daktari kamsikiliza," Garnett akasema. "Kuna kasauti moyoni, ka watoto wachanga. Kataisha."

"Alisimama upande gani?"

"Kushoto, bibi wewe! Farasi anaendewa kushoto, nani asiyejua?"

"Mgeuze."

"Utamshtua bure."

"Garnett. Mgeuze."

Mtoto alipogeuzwa, Oleta akaweka kiganja nyuma ya kiwiko chake cha kulia. Chini ya manyoya laini kitu kilitetema, kama nyuki ndani ya kopo: tundu la moyo, lile ambalo upande wa kushoto halisikiki vizuri.

"Ulijua?"

Garnett aliweka mkono wake palepale. Rangi ikamtoka usoni. "Yesu wangu... Mimi huwashika hivi siku zote. Baba alinifundisha hivi."

Oleta alimkazia macho. Huenda alisema kweli.

"Mwite daktari mwenye mashine ya kupiga picha moyo. Tundu likiwa dogo, ataishi. Ila Juni narudi naye."

Juni hakuwa hata ameteremshwa. Gari lilipoondoka, Oleta aliangalia kwenye kioo: Garnett alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa banda, kiganja bado ubavuni mwa mtoto, upande wa kulia. Mkate ulibaki juu ya nguzo ya ua, mzima.