Upanga wa Kijapani na Tupa ya Baba Mkwe

Baba mkwe alitoka Nkowe kuja kunisaidia kufyeka majani chini ya mikorosho yangu, Nachingwea. Nikiwa ofisini, akaushusha ukutani upanga wangu wa kale wa Kijapani, wenye cheti cha wataalamu, akaenda nao shamba. Na kwetu, panga la kuazima hurudishwa limenolewa. Akaupiga tupa. Akachomoa mpini, akasugua kwa mchanga kutu ya chuma kilichofichwa na mpini, ileile ambayo wataalamu huisoma kujua umri wa upanga.

Jioni nilimfokea mbele ya mke wangu: “Mzee, umeua kitu cha mababu wa watu!”

Hakuomba radhi. Alinitazama, akautazama upanga, kisha akamgeukia binti yake.

“Mwanangu, nilikukuta na mapambo mawili humu ndani. Moja leo limefanya kazi.”