Siku Mtaa Ulipofunga Mabomba

Juzi maji yalikatika nyumbani kwa binti yangu, na yaliporudi bomba la jikoni likakohoa. Binti akacheka. Mimi nikashika meza. Kama ulikulia Kariakoo ya miaka ya hamsini utanielewa, maana bomba la bibi yangu lilikohoa hivyohivyo.

Lilikuwa uani, karibu na jiko la mkaa alilopikia vitumbua. Nyumba yetu ilikuwa mwisho kabisa wa mtaa, tena palipoinuka kidogo, kwa hiyo wenzetu wakifungua maji asubuhi sisi tulibaki na upepo tu. Bibi hakukubali. Alichimba shimo, akamwita fundi akalikata bomba na kuushusha mdomo wake mle shimoni, na kweli maji yakaanza kuchuruzika, kwa kuwa sasa hayakuwa na mlima wa kupanda. Tukawa tunapiga magoti kujaza ndoo, magauni yamejaa tope, naye anatucheka. Tangu usichana wake alikuwa akichota kwenye nyumba za watu, na alijivunia bomba lile kuliko hereni zake za dhahabu. "Nikifa mnioshe kwa maji yangu," alituambia. "Ya kuomba nimeyachoka."

Akafa wakati wa kiangazi, bomba likiwa kavu. Maziko yalikuwa alasiri na mwoshaji alishafika. Majirani walileta ndoo zao. Mama akazitazama akazidi kulia, maana alilijua neno la bibi. Ndipo jirani yetu muuza samaki akajifunga khanga kiunoni, akatoka barabarani.

"Jamani, fungeni mabomba! Bibi yetu anaoga mara ya mwisho!"

Akapita mlango kwa mlango. Mwenye hoteli akafunga, wateja wakangoja chai. Mke wa Mhindi mwenye duka alikuwa katikati ya kufua, mapovu mpaka viwikoni. "Nimefunga, dada," akasema. "Sifungui mpaka mniambie."

Mimi na dada yangu tulichuchumaa shimoni tukingoja. Bomba likakohoa, likatema kutu, likanyamaza. Halafu maji yakaja kwa nguvu ambayo hatukuwahi kuiona, yakaangusha ndoo, yakaturushia matope usoni. Mama akapiga kelele kama mtu aliyeletewa zawadi.

Bibi akaoshwa kwa maji yake. Jeneza lilipotoka, watu wakafungua mabomba yao, huyu kisha yule, na letu likapungua mpaka likakauka. Hapo ndipo nilipolia.

Nyumba zile zimevunjwa yakajengwa maghorofa, na majirani wale wamekufa au wamehama. Mwaka jana nilimzika dada yangu, aliyekuwa akiishi hapohapo Kariakoo. Tuliagiza boza la maji, likaja upesi, maji yakawa tele hata yakamwagika barabarani. Mlango wa pili redio ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu. Wala hawakuwa na ubaya, masikini. Hawakujua tu kwamba jirani yao amekufa.