Nampandishia Mume Wangu Sauti, Kumbe Namfichia Ugonjwa

Habarini ndugu zangu wa ukurasa huu. Admin, nakuomba ufiche jina langu kabisa, maana Mikumi ni ndogo na wambea tunao wa kutosha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Lumuma huko milimani, nimeolewa Mikumi na tuna watoto wawili. Mume wangu ni MC wa harusi, send-off na vipaimara. Mimi ndiye fundi wake wa vyombo vya sauti. Ndiyo, mwanamke. Tukifika ukumbini watu wananipita wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" Nawajibu, "Fundi ndiye huyu unayemkanyagia waya."

Kazi yangu kubwa ni maiki zisizo na waya. Nafunga risiva, yaani kile kiboksi kinachopokea sauti ya maiki, mahali ambapo hakuna kitu cha kuikinga na MC, natafuta masafa yasiyogongana na ya kanisa la jirani, naweka betri mpya, halafu Baba Neema anazunguka ukumbi mzima akihesabu moja mbili huku nasikiliza kama sauti inakatika. Neema siyo jina halisi la mtoto, msianze kumtafuta. Yeye anavaa maiki ya kichwani yenye kiboksi cha kubana kiunoni. Mimi nakaa kwenye miksa na hedifoni masikioni, napandisha na kushusha sauti inayotoka kwenye spika. Alinifundisha yote yeye, pamoja na sheria moja: mtu akisahau kuzima maiki akaanza maongezi yake, shusha sauti kwenye spika, halafu vua hedifoni. "Siri za watu siyo mzigo wetu, Mama Neema." Kuna kijana alikuwa fundi wetu zamani, alisikiliza maongezi ya wageni akayasimulia, akafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Sasa tangu mwaka jana sauti ya mume wangu ilianza kukwaruza. Nikimwambia twende hospitali, anasema, "Ni vumbi tu la barabara ya Kilosa hili." Nachemsha tangawizi na asali, anakunywa, anasema amepona. Lakini kwenye miksa nilikuwa naona. Kila sherehe ilinibidi nimpandishie kuliko sherehe iliyopita, na muziki niushushe kabisa akianza kuongea. Wageni hawakugundua lolote. Tukimaliza ananiuliza, "Leo sauti ilikuwaje?" Namjibu nzuri. Nilijiona mke mwema, jamani.

Mwezi uliopita tulikuwa na send-off Ruhembe, mchana. Watu walipokwenda kuchukua chakula, Baba Neema akatoka nyuma ya ukumbi na mdogo wake anayetusaidia kubeba vyombo. Maiki hakuzima. Nikashusha haraka isisikike kwenye spika, ila kwenye hedifoni niliendelea kuwasikia. Nilipaswa kuvua. Sikuvua, kwa sababu nilimsikia shemeji akiuliza kwa mbali:

"Kaka, Morogoro wamesemaje?"

"Ule uvimbe wa kooni wanataka kuutoa haraka, wakaupime. Daktari kasema nikichelewa utaniua. Ila wakikata, sauti inaweza isirudi."

"Sasa unangoja nini, kaka?"

"Mimi bila sauti ni nani, mdogo wangu? Acha niongee mpaka iishe yenyewe."

"Shemeji anajua?"

"Hajui. Na ole wako umwambie. Akijua hatanipa tena maiki."

Ndugu zangu, nilitokwa machozi sahani ya pilau ikiwa mapajani. Mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa, nikamwambia ni moshi wa jikoni. Baba Neema akarudi, akanionyesha dole gumba, nikampandishia sauti kama kawaida. Akatoa vichekesho vyake, mama wa bibi harusi akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Tulipokuwa tunakunja nyaya akaniuliza, "Leo sauti ilikuwaje?" Nikamwambia nzuri.

Msiseme nimuulize shemeji, nimeshajaribu. Alikuja nyumbani, akanisalimia, "Shikamoo shemeji." Nikamwambia, "Marahaba. Kaka yako anaumwa nini?" Akatazama chini. "Shemeji, muulize mwenyewe." Nikimuuliza mwenyewe najibiwa vumbi. Nikimwambia nilimsikia, namjua mume wangu, atatafuta fundi mwingine aendelee na kazi mbali na macho yangu. Huyo mwingine naye atampandishia tu, maana hajui.

Nina hofu, na nina hasira pia, niseme ukweli. Maharusi wa watu anawapa maneno tangu mchana mpaka jioni, mimi mkewe kaninyima hata sentensi moja. Nani alimwambia nilimpenda kwa sauti? Siku namwona mara ya kwanza, Lumuma, alikuwa kabeba spika mgongoni kwenye mlima, anahema, hata salamu hakuweza kuitikia. Nilimpenda hapohapo.

Jumamosi tuna harusi Kilosa. Nimewaza nisimpandishie. Niache sauti yake itoke ilivyo, aisikie mwenyewe, labda ashtuke akubali kwenda hospitali. Lakini nitakuwa nimemwaibisha baba wa wanangu mbele ya kadamnasi, na harusi ya watu wasio na kosa nimeivuruga. Nikimpandishia, namsaidia kufa huku anapigiwa makofi.

Wale wa "dada muachie Mungu", nashukuru, kuomba naomba kila siku. Leo namtaka aliyewahi kuuguza koo, au aliyewahi kuishi na mwanaume mbishi akamweza. Jumamosi atasimama pale mbele na maiki yake, atanitazama nimpe ishara aanze. Ndugu zangu, nifanye nini?