TV Iliyokaa Eda

Timbwani kitu kikiharibika huitwa Munga, na mwenye kumuita Munga hutafuta kabisa na mtu wa kuja kumalizia. Si kwamba kazi haijui. TV iliyokufa mwaka mzima, Munga huiamsha kabla chai aliyoandaliwa haijapoa. Ila picha ikishatokea tu, yeye moyo wake umeshaondoka. Kifuniko cha skrubu sita atakirudisha kwa tatu, zilizobaki azitie mfukoni, na kwaheri. Mkewe Nyamvula akifua suruali zake hukusanya skrubu kwenye kopo la maziwa. Sasa kopo ni la pili.

Ndiyo watu wakamuita Munga Nusu. Udereva alisoma siku tatu. Hoteli moja ya Diani ilimuandika fundi wa umeme, akatoka kabla yunifomu yake haijashonwa. Kwao Kaloleni ana nyumba iliyofika kwenye linta miaka sita sasa, na mbuzi wa mamake ndimo wanamolala. Ukimtania hashindani nawe. Hucheka, akasema, "Yataisha tu," huku ameshapiga hatua mbili kuelekea mahali pengine. Na hakuna anayemchukia, kwa sababu hajawahi kumdhulumu mtu. Anachokosa ni makalio ya kukaa.

Huyu ndiye aliyeitwa kwa Bi Dhahabu.

Bi Dhahabu alikuwa mwezi wa tatu wa eda ya mumewe, Mzee Jumaa. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na yeye aliishika kama walivyoishika mamake na bibi yake: hatoki mlangoni, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake hamtii machoni. Hayo yote hayakumshinda. Kilichomshinda ni kwamba ndani ya miezi hiyo kitinda mimba wake, Ikhlas, alikuwa anaolewa. Tarehe aliiweka marehemu mwenyewe, na akiwa kitandani anaumwa akausia isisogezwe kwa ajili yake. Basi harusi ikahamishiwa Kisauni kwa shangazi, kwa kuwa nyumba yenye eda haipigwi vigelegele. Mama akawa wa kubaki Timbwani.

Ikhlas alisema neno moja na hakurudi nyuma. Hatoki kwa shangazi kwenda kwa mumewe mpaka mamake amuone uso na ampe radhi yake. Na kuona kwenyewe ndiko kulikokuwa na kazi. Bi Dhahabu ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kwenye simu mtu ni kivuli tu, hajui kama ni bintiye au ni pazia.

Lakini sebuleni ilikuwako TV kubwa kama meza ya kulia. Mzee Jumaa aliinunua alipostaafu bandarini. Kijana wa dukani alimweleza ni ya kisasa, yatakiwa iunganishwe na intaneti, na ukiizungumzisha inakusikia. Mzee akamuuliza: na nisipoizungumzisha, haisikii? Kijana akacheka. Mzee hakucheka. Aliichukua TV kwa sababu alikuwa ameshaipenda, ila akaweka sharti mbele ya mkewe na wanawe: chombo chenye masikio hakitaunganishwa na watu wa nje ndani ya nyumba yake. Miaka saba ikatumia antena tu, na flashi ya mawaidha siku za Ijumaa. Kila ikiwashwa ilikuwa inalalamika haina mtandao, na Mzee anaijibu, "Na hutaupata," halafu anaendelea na taarifa ya habari.

Siku Munga alipofika, Jumanne, alikaa kwenye baraza ya nje na pazia la mlango likashushwa. Ndani alikuwako Bi Dhahabu pamoja na Barke, jirani yake wa ukuta mmoja, mwanamke asiyejua kunyamaza. Munga akasalimia, akaitikiwa, akaelezwa wanataka uso wa Ikhlas utokee kwenye TV, akasema kazi ni ndogo: TV ina waifai yake, iunganishwe tu.

Sauti ya Bi Dhahabu ikatoka polepole nyuma ya pazia. "Mwanangu, hilo sifanyi. Neno la mume wangu silivunji nikiwa ndani ya eda yake."

Mtu mwingine angebishana, aseme marehemu hakujua mambo haya. Munga hakubishana. Alikaa akafikiri, na akifikiri huchezesha skrubu mfukoni. Kisha akatoa kwenye mkoba wake kijiti cheusi, urefu wa kidole cha shahada. Akaeleza: TV yenu hatuiunganishi na chochote. Tunaiacha kama ilivyo. Tunaichomeka hiki kijiti ubavuni. Kijiti ndicho kitakachochukua intaneti, na TV itakuwa kioo tu cha kutazamia. Haitajua hata hizo picha zatoka wapi.

Barke ndiye aliyelifafanua jambo kwa namna iliyomwingia mwenye nyumba. "Ala, si ndivyo tunavyokaa hapa? Wewe hutoki, mimi ndiye naenda dukani nakuletea. Basi TV nayo imekaa eda, na hicho kijiti ndicho Barke wake."

Bi Dhahabu alicheka, mara ya kwanza tangu matanga, na akaridhia.

Kazi ikafanywa kwa mdomo, maana Munga hangeweza kuingia. Yeye nje anaelekeza, Barke ndani anapapasa. Tafuta tundu bapa, ubavuni. Ni mawili. La juu. Limekataa. Geuza kijiti. Sasa waya wake wa umeme usiuchomeke kwenye TV, hautapata nguvu, utakuwa unazima na kuwaka. Utie ukutani kwa chaja ya simu. Sasa rimoti, ile ya zamani, bonyeza penye mshale unaoingia kwenye kisanduku. Barke akabonyeza yote aliyoyaona, TV ikaanza kuomba mtandao kwa lugha tatu, Bi Dhahabu akaogopa, Munga akasema, "Mama, ikikuuliza lolote ikatalie. Neno lake la kukataa liko chini kulia." Ikakataliwa, na sharti la Mzee Jumaa likabaki pale pale.

Mwisho kijiti kikawaka, kikataka intaneti yake. Munga akafungua hotspoti ya simu yake mwenyewe, kujaribu tu, akataja namba za siri kwa sauti, Barke akaziandika. Simu ya Bi Dhahabu nayo ikaingizwa humo humo. Munga alitaka yeye mama ndiye atoe intaneti, lakini simu yake imezeeka, ukiipa kazi mbili inazimika. Kisha Nadira, binti mkubwa, akapiga simu ya video kutoka Kisauni, Barke akaitupa picha kwenye TV kama alivyofundishwa, na uso wa Nadira ukajaa ukuta.

"Nakuona," Bi Dhahabu akasema. "Umekonda."

Munga alipoyasikia hayo alikuwa ameshavaa viatu. Akaahidi Alhamisi atawaletea kirauta kidogo cha laini, cha kutoa intaneti, kikae pale nyumbani, akapewa mahamri kwenye gazeti, akaenda zake. Pale barazani aliacha swichi ya taa ya mlangoni inaning'inia kwa skrubu moja. Hiyo ni yeye mwenyewe aliitengeneza mwaka jana, Mzee Jumaa akiwa hai.

Alhamisi ikapita. Ijumaa aliandika ujumbe kuwa kesho mapema. Na kesho yake, Jumamosi ya harusi, alipigiwa na Odhiambo, kinyozi wa mjini ng'ambo ya maji, ana TV tatu za kutundika leo hii, na Munga akabeba mkoba akateremka kwenda kupanda feri. Msimuone mbaya. Kichwani mwake kazi ya Bi Dhahabu ilikwisha siku ile uso wa Nadira ulipotokea. Kuwa ile intaneti ilikuwa ya simu yake, na kwamba aliondoka nayo mfukoni, hilo lilikuwa limemtoka kabisa.

Feri ilikuwa katikati ya maji Barke alipopiga. Hakusalimu.

"Munga, TV yasema haioni mtandao wako. Ule ulioandikwa jina lako. Bibi harusi yuwavishwa, saa kumi na moja wanamleta mbele ya simu. Mama amekaa mbele ya kioo cheusi tangu adhuhuri na ameshatia udhu. Nimwambie nini?"

Munga akatazama simu iliyokuwa mkononi mwake. Hapo ndipo alipoelewa. Ilikuwa saa tisa na nusu. Alisema neno moja tu, "Naja," na kwa mara ya kwanza maishani lile neno likamtia hofu, kwa sababu alijua ameshalisema mara ngapi.

Feri haigeuki kwa ajili ya mtu. Alivuka nayo, akashuka na umati, akazunguka nao tena mpaka sehemu ya kungojea, akasimama nyuma ya watu mia kadhaa na mikokoteni ya vitunguu kutoka Kongowea. Feri ya kwanza ikajaa mbele yake. Odhiambo akapiga kuuliza amefika wapi, akamwambia ukweli, Odhiambo akamkumbusha duka lafunguliwa kesho. Akapanda feri ya pili akiwa mbele kabisa kwenye mlango, kama ng'ombe anayetaka kutoka, na ulipogusa zege alikuwa ameshaanza kukimbia. Hotspoti aliifungua njiani ili isije ikamkawiza.

Ndiyo ikatokea kwamba kabla hajapiga hodi, ndani wakajua amefika. Alikuwa bado yuko kwenye kona ya duka la mkaa wakati TV ya Bi Dhahabu ilipoamka yenyewe na kuandika kwa maandishi makubwa: Mtandao umepatikana, Munga. Barke alitoa kichwa dirishani, akamkuta anahema, shati limegandana na mgongo.

"Kaa hapo hapo," akamwambia. "Usisogee hata kwenda chooni."

Ilikuwa saa kumi na dakika arubaini. Munga akaketi barazani, simu akaiweka kizingitini mwa dirisha. Barke akaitazama ile simu kwa jicho baya. Kule Kisauni ni wanawake peke yao, vichwa wazi, na simu za wageni zilikuwa zimekusanywa mlangoni kwenye beseni. Ni ya Nadira peke yake iliyoruhusiwa. Sasa picha zapita kwenye simu ya mwanamume? Munga akamweleza kuwa kwake hazionekani, ni kama upepo unavyopita.

"Hata kama ni upepo," Barke akasema, "na upite umefumba macho." Akaipindua simu kifudifudi, akaifunika na kipande cha leso.

Basi Munga harusi aliisikia tu. Alisikia twari zikipigwa, akasikia vigelegele vyatoka kwenye TV iliyokatazwa kujua vyatoka wapi, akamsikia Nadira akiwaambia watu wapishe. Halafu kelele zikapungua, na akajua bibi harusi ameletwa.

Hapo hapo leso ikatikisika. Odhiambo. Na simu ya Munga ikipigwa, intaneti husimama. Ndani Bi Dhahabu akasema, "Ameganda. Mwanangu ameganda." Munga akakata. Picha ikarudi, na Odhiambo naye akarudi. Munga akakata tena. Mara ya tatu haikusubiriwa. Aliinyanyua leso, akaifungia namba ya Odhiambo isiingie tena, pamoja na TV zake tatu na duka lake la kesho, akairudisha simu kifudifudi kama ilivyokuwa.

Kukatulia. Sauti ya Ikhlas ikaja, ndogo, ina mafua ya kulia.

"Mama, wanionaje?"

Nje Munga alikuwa ameshika ukingo wa baraza kwa mikono miwili. Miguu yake ilikuwa inachezacheza, inataka kwenda popote, na yeye akaukanyaga wa kushoto kwa wa kulia.

"Nakuona," mama akasema. "Nakuona mpaka kipini cha puani. Kile ni cha bibi yako. Babako angekuwepo, angesema mapambo yamezidi. Nami nimekuwa radhi nawe, mwanangu. Duniani na akhera, nimekuwa radhi nawe. Nenda kwa mumeo."

Kisauni wakapasua vigelegele. Timbwani hakuna aliyepiga kigelegele, ni Barke tu aliyekuwa anapenga kamasi.

Picha iliendelea muda mrefu, wageni wakija mmoja mmoja kumpa mama mkono wa mbali. Betri ya simu ikafika pabaya, Barke akapitisha chaja chini ya pazia. Kila baada ya kitambo sauti ya Bi Dhahabu ilikuwa inatoka, "Munga, uko?" naye anajibu, "Niko, mama." Mara ya kwanza ilimuuma, maana alijua kwa nini anaulizwa. Mara ya nne au ya tano haikumuuma tena.

Alipokuwa amekaa hivyo, macho yake yakawa yanakwenda kwenye ile swichi inayoning'inia. Akaitazama weee. Mwisho akatia mkono mfukoni, akapekua, akapata skrubu ya kimo chake. Bisibisi alikuwa nayo. Akaikaza, swichi ikakaa barabara ukutani, akaiwasha na kuizima mara moja kuhakikisha.

Ndani TV ilikuwa imeshazimwa. Simu zimekatwa, Ikhlas ameondoka kwa shangazi. Barke alikuwa bado hajatoka kumwambia kazi imekwisha.

"Munga, uko?"

"Niko, mama."

"Basi ngoja ule."