Petroli Huisha Upesi Julai

Mimi sikusoma sana. Nilitoka darasa la tatu nikaenda kuchuma chai. Lakini gari ya mzee wangu, baba wa watoto wangu, niliijua kama ninavyojua ng'ombe wangu. Ilikuwa pikapu kuukuu, tuliinunua na bonasi ya majani chai, na kazi yake ilikuwa kupeleka maziwa asubuhi. Sikuiendesha hata siku moja. Nilikaa kando ya mzee, nikashika mitungi isimwagike, nikasikiliza.

Huku kwetu juu, Julai si mwezi, ni adhabu. Ukungu unalala kwa majani chai mpaka jua lichoke kuungoja. Miaka hiyo ya tisini petroli ya Februari ilikaa, ya Julai ilikwisha upesi, mzee akadhani kuna mtu anaifyonza. Akaanza kulala na rungu. Mwizi hakuja. Mwizi alikuwa baridi, na mzee mwenyewe alikuwa anamsaidia: anawasha gari, anaiacha ingurume uani, anaingia jikoni kunywa chai, ati ipate joto.

Nikamwambia, "Mimi nikitaka joto ninashika jembe. Sikai kwa kiti nikitetemeka."

Akanuna, lakini akajaribu. Tukawa tunawasha na kuondoka hapo hapo, polepole. Tukaweka kipande cha katoni mbele ya rejeta inayopoza injini, nusu tu, upepo usiipige injini. Tukatoa mawe aliyokuwa anabeba nyuma kwa sababu ya matope. Tairi tukazijaza, maana baridi huzilegeza. Na choki, kile kishikio cha kuvuta kinachoongezea injini petroli ikiwa baridi, akawa anairudisha ndani mara injini inapoacha kukohoa. Petroli ikaanza kukaa.

Sasa, asubuhi moja ya Julai mzee alikuwa kitandani na mguu uliovimba. Binti yetu alikuwa amekuja kwangu kuzaa mtoto wake wa kwanza. Mume wake alikuwa amefika jana yake kumwona, akalala kwa kijana wetu ng'ambo ya shamba, kama heshima inavyotaka. Huyo mkwe ni mtu wa Chebunyo. Kule ni joto, gari inawaka ukiiangalia tu.

Wakati wa kukamua, chupa ya maji ya uzazi ya binti ikapasuka. Nikamshika tumbo. Kichwa cha mtoto kilikuwa juu. Nimezalisha wanawake wengi hapa kwetu, lakini huyo sikumtaka kwa mikono yangu.

"Kaplong," nikasema. "Hospitali. Sasa."

Sindano ya kipimo cha petroli ilikuwa karibu kulala. Mjini Sotik petroli ilikuwa imekosekana, na njiani hakuna pengine. Ingetufikisha kama ingetumiwa na akili.

Mkwe akaitwa, akashika usukani, binti akaegemea mlango. Mimi nikapanda nyuma na blanketi. Kwetu mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwe wake, hamwangalii machoni, na neno lake linapita kwa mtu mwingine. Hata kama ni Julai.

Hatujapita maduka, nikasikia. Injini ilinguruma nzito, kama mtu anayeongea na ugali mdomoni, na moshi mweusi ukanijia usoni ukinuka petroli mbichi. Mkwe alikuwa ameivuta choki gari iwake, akaiacha nje.

Nikagonga kioo. "Mwambie arudishe choki."

Binti alikuwa amefunga macho. "Mama anasema choki."

"Mwambie mama nimevuta yote," mkwe akajibu. "Kuna mlima mbele. Inataka nguvu."

"Mwambie hiyo si nguvu, ni ulevi. Tutakwama."

Binti hakupeleka neno. Uchungu ulikuwa umemshika, aliuma mkono wa sweta. Tukapita daraja, mlima ukaanza, gari ikaanza kurukaruka. Nikamwona binti akiteleza kwa kiti. Akilini nikamwona mtoto akija makalio mbele kwenye matope ya barabara, na mimi na blanketi moja.

Nikapiga paa kwa ngumi. Akasimamisha. Nikashuka, nikafungua mlango, nikamsogeza binti, nikapenya katikati yao. Mkwe akajibana kwa mlango wake kama ameona nyoka.

"Mama, utakaa hapa?"

"Nimekaa. Endesha."

Nikanyoosha mkono mbele ya magoti yake, nikasukuma choki mpaka mwisho.

"Watu watasema nini, mama?"

"Watasema binti yangu alizaa hospitali. Tia gia. Kanyaga kama unatembea kwa nyumba yenye mtoto amelala."

Injini ikakohoa, ikatema moshi, halafu sauti yake ikawa safi. Tukapanda. Hakuna aliyeongea isipokuwa binti, na yeye alikuwa anaongea na Mungu. Mkwe aliendesha uso ukiwa umegeukia dirisha, karibu atupeleke kwa mtaro.

"Angalia barabara," nikamwambia. "Mimi si barabara."

Juu kabisa, mteremko ulipoonekana, akaniuliza mwenyewe, "Nizime tuteremke fri, bila gia? Tuokoe petroli?"

"Ukizima kwa hii baridi utavuta choki tena, na petroli ya kuilisha hatuna. Iache kwa gia, toa mguu."

Akatoa mguu. Sindano ilikuwa imelala kabisa. Nilibana mkono wa binti mpaka akaniambia ninamuumiza, na yeye ndiye mwenye uchungu.

Tukaingia langoni injini ikiwaka. Wauguzi wakamchukua na kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa. Nikakaa kwa benchi. Sikuomba, nilisikiliza, kama nilivyozoea kusikiliza gari. Halafu mtoto akalia.

Nikatoka nje. Mkwe alikuwa amesimama nyuma ya pikapu ili nisimwone uso. Hakukuwa na mtu wa kutuma.

"Ni msichana," nikasema. "Wote wazima."

Akachuchumaa kando ya tairi, akafunika uso na kofia. "Asante, mama," akaiambia ardhi.

"Asante mpe mke wako. Chukua mtungi utafute petroli, hata kama ni mpaka Bomet. Hao hawatarudi nyumbani kwa miguu."

Akaenda. Nikarudi ndani wakanipa mjukuu wangu wa kwanza, mwekundu, mwenye hasira, na sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya bonde.